Mama wa Kijani

We, nimevunja ndoa ya watu. Ya baba na mama yangu! Usicheke kwanza.

Unaijua ile kompyuta ya mzee ya enzi za ujana wake, anayojisifia kila siku kwamba aliitumia kuchora sura ya mama wakati anamchumbia? Leo nimeiunganisha na skrini ya rangi. Waya nimeulehemu mwenyewe, nikawaita wote sebuleni.

Picha ikatokea. Mama ni wa kijani. Kijani kabisa! Midomo ya bluu, macho mekundu.

Kumbe enzi zile skrini ya mzee ilikuwa televisheni isiyo na rangi. Kwenye kompyuta ile kila rangi ina namba yake, naye namba alizichagua kwa kubahatisha!

Mama akaisogelea skrini. Halafu: "Baba watoto, kumbe miaka yote hii ulikuwa unaniona hivi?"

Mzee akadakia. "Mke wangu, ni waya. Huyu mwanao amekosea waya." Huku ananikanyaga mguu. Ananikanyaga, nakwambia!

Waya ni mzima. Nilishaujaribu. Lakini ningefanyaje? Nalala kwake, nakula kwake. Nikasema, "Kweli mama, ni waya."

Mama akavuta kiti, akaketi nyuma yangu. "Basi utengeneze. Sitoki hapa mpaka niwe mrembo."

Cha kubadilisha ni zile namba za rangi tu, na mama hapepesi jicho; nikizigusa atajua kosa si la waya. Waya mzima nimeufungua mara ya tatu sasa. Mzee ananiletea chai kwa mikono yake mwenyewe, na ananiita "fundi".