Gari la Siostra

Hamtramck, Michigan
Jumatatu, 9 Novemba 1987

Mdogo wangu mpendwa Kazik,

Nakusalimu wewe, Darlene na watoto, nikitumaini kwamba joto la Tucson linaendelea kuwatendea mema na mgongo wako umeacha kukusumbua. Mimi mzima. Magoti yananung'unika kidogo kwa baridi, na mwaka huu imebidi niwashe mapema tanuri la kupasha nyumba joto. Jirani yetu Bi Zofia anakusalimu sana, anauliza kama huko jangwani mnapata kabichi ya maana. Nimemwambia mnapata, ingawa sijui.

Barua yako nimeipata. Simu zako pia nilizisikia zikilia, nikaziacha zilie. Umeandika kwa hasira, na haki unayo, maana habari umeisikia kwa Bi Zofia badala ya kuisikia kwangu: kwamba gari la Baba, ile Packard, niliwapa masista wa jiko la maskini, wao wakaipiga mnada, na sasa ina mwenyewe mwingine. Umeandika kwamba maisha yake yote Baba alinipa kitu kimoja tu, na hicho kimoja nimekitupa. Umeuliza nimepatwa na nini. Ni kweli gari nimelitoa. Nimeona nikuandikie sababu, kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza.

Gari lenyewe unalijua kuliko hata picha yako ya komunyo ya kwanza. Baba alikuwa akishona viti kwenye kiwanda cha Packard, akalinunua wakati kiwanda kiko ukingoni mwa kufungwa, na Mama akalia jikoni kwa sababu hatukuwa na friji ya kueleweka, lakini uani tuna gari la wenye benki. Rangi ya maziwa juu, bluu chini, na viti vya ngozi ambavyo Baba aliapa kwamba mshono wa kiti cha nyuma ni wa mkono wake. Hatukuruhusiwa kukanyaga mle na viatu. Tulikwenda misani miguu mitupu, viatu vyetu vimepakatwa na Mama. Tena kila bibi harusi wa parokia alipelekwa kanisani na gari lile, Baba yuko kwenye usukani kajinyoosha, kavaa glavu. Mimi tu sikupanda na shela, naye hakuacha kunichoma: "Jadzia, matairi yatazeeka yakikungoja wewe!" Nilizoea.

Wewe uliondoka, na ulifanya vizuri kuondoka. Mama akafa, nikabaki mimi na Baba na supu. Sikumbuki hata siku moja aliyosema asante. Alisema supu haina chumvi, au imezidi chumvi, au mbona imechelewa. Sikuandikii kulalamika, Kazik, ndivyo alivyokuwa, na wewe ulimjua hivyo hivyo.

Majira ya baridi yaliyopita alipopata kiharusi, Kiingereza kilimtoka chote, kikabaki Kipolandi. Baada ya Krismasi akaanza kuniita siostro. Jina langu akaliacha kabisa. Labda hukumbuki, lakini ulipokuwa mdogo ulikuwa huwezi kutamka Jadzia, ukaniita siostra, yaani dada, na ukiita inakuwa siostro, na nyumba nzima ikakufuata: mpe siostra kijiko, mwite siostra aje ale. Ulipokua jina hilo likafa. Sasa mzee kalifufua, tena kwa sauti ya upole, na kila nikimfuta au nikimgeuza anasema, "Asante, siostro." Asante! Baba! Niseme tu ukweli, nilifurahi kama mjinga. Nilikuwa nikipanda ngazi na beseni mkononi huku natabasamu peke yangu.

Ukaja Pasaka, ukayasikia mwenyewe yale maneno. Alikushika mkono wa shati akakwambia gari ni la siostra, auto dla siostry, akarudia ili uelewe, nawe ukalia pale kitandani. Baada ya mazishi, kwenye chakula ukumbini, ulisimama na glasi ukawatangazia watu wote. Sista Ludmila akapaza sauti kutoka meza ya masista, maana watawa nao huitwa siostra: "Kazik, chunga mdomo! Tuko masiostra wanne hapa na veli zetu, na gari tunalitaka!" Ukumbi mzima ukacheka, mimi pia. Wewe hukucheka. Ulisema, "La dada yangu hilo! Baba aliona kila kitu, hakusema tu." Watu wakapanga mstari kunibusu mashavu. Ikawa siku nzuri, kwa jinsi siku ya kuzika inavyoweza kuwa nzuri. Najua na wewe ulirudi Tucson umetua mzigo, na sikunyimi hilo.

Kiangazi chote nikaliendesha. Nilikuwa navua viatu mlangoni naviweka kitini pembeni yangu, naenda misani nimejinyoosha kama yeye, watu wananipungia mkono. Nililipenda gari lile, Kazik. Usidhani nimelitoa kwa kutolipenda.

Septemba nilikwenda kwa masista kurudisha sufuria tuliyoazima wakati wa msiba. Sista Ludmila akaniketisha nimsaidie kumenya viazi, maana kwake huwezi kuingia ukakaa bure. Tukapiga soga. Akanihadithia ujana wake kule Krakow, alivyokuwa nesi kabla ya kuingia utawani, jinsi wagonjwa walivyokuwa wakipiga kelele kutwa, siostro huku, siostro kule. Nikamwambia, kumbe walikuita sista hata kabla hujavaa veli. Akanicheka. "Veli gani, mama? Kule kila nesi ni siostra. Tulikuwa na mmoja kucha nyekundu, sigara mdomoni, na wagonjwa wanamlilia, siostro, sindano! Nyie mliozaliwa Amerika Kipolandi chenu cha jikoni tu. Hamjawahi kuugua kwa Kipolandi."

Niliendelea kumenya. Nilimenya mpaka karai likajaa, naye akanisifu.

Njiani kurudi ndipo mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Baba hakuwahi kuniomba maji, alikuwa akidai maji. Lakini miezi ile aliomba. Alisema, kama siostra ana nafasi. Aliona haya nikimvua nguo, akageuza uso ukutani, akaomba radhi kwa usumbufu. Unakumbuka alivyotusimulia hospitali ya kambi wakati wa vita, homa ya matumbo, na wale masiostra waliomtoa kaburini, ambao sisi tulidhani ni watawa? Nadhani alikuwa amerudi huko. Alimwona mwanamke mwema asiyemjua, anayemfuta bila kukunja uso, akataka kumlipa kwa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Akakushika mkono akakwambia gari ni lake.

Usiniandikie kwamba mwanamke huyo alikuwa mimi. Najua alikuwa mimi. Yeye ndiye hakujua. Asante zote zile nilizozikusanya zilikuwa za nesi, na gari pia.

Jumamosi iliyofuata nililipaka nta, nikavua viatu, nikawapelekea masista. Sista Ludmila akatoka na aproni yake, akalizunguka, akasema, "Jadzia, sisi tuliomba viazi, wewe unatuletea ikulu." Kisha akanitazama vizuri, akaacha utani, akaniuliza kama nina hasira na marehemu. Nikamwambia sina. Akauliza kama nina huzuni. Nikamwambia nadhani sina hiyo pia, ni kama nimechomwa sindano ya ganzi na daktari wa meno, najua jino lipo lakini silisikii. Sikumwambia sababu. Wala hajui kwamba ni yeye aliyenifungua macho, na ninakuomba usije ukamwambia, maana atajilaumu, na jiko lake halina mtu mwingine. Nilimwambia tu kwamba gari ni la siostra, na siostra mwenyewe hapatikani, basi walichukue wao.

Siku ya mnada nilikwenda, nikakaa nyuma. Kulikuwa na kahawa na keki za jamu. Alilichukua bwana mmoja mpole kutoka kando ya ziwa, akaingia na viatu vyake, akakaa, akafunga mlango. Nilingoja nisikie kitu moyoni. Sikusikia kitu. Masista wamepata paa jipya la jiko, nalo halivuji. Hilo ni jambo jema na naliona kwamba ni jema.

Sasa kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu, na wewe ndiye utakayelijua. Wakati wa Kwaresima, asubuhi moja nikimbadilisha mashuka, Baba aliniuliza, "Siostro, binti yangu atakuja leo?" Mimi nikadhani ni kejeli zake zile zile, ananisuta kwa kuchelewa na uji. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba binti yake atakuja akimaliza kufua mashuka ya baba yake. Akatikisa kichwa polepole. Akaninong'oneza, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliye chumba cha pili: "Hapana, siostro. Usimwite. Mwache alale. Kachoka sana, mtoto wangu yule."

Nilicheka, Kazik. Nikachukua mashuka nikashuka nayo chini kufua.

Basi, hizo ndizo habari. Gari lilikuwa la nesi na nimelitoa. Hayo maneno mengine, ya binti aliyechoka, yalikuwa yangu, nayo nimebaki nayo. Nisalimie Darlene, uwabusu watoto, na uwavalishe soksi hata kama huko hakuna baridi. Bi Zofia anangoja jibu la kabichi. Ukipiga simu tena na isipopokelewa, usimtume kuja kugonga mlango. Nitakuwa nimelala.

Dada yako,
Jadzia