Mkono Nilioupandisha Pale Mtambile

Mpenzi mdogo wangu Zuwena,

Barua hii ningeweza kuikunja nikaitia chini ya godoro, kama nilivyozoea kufanya na mambo yanayonishinda. Lakini hukumu yenyewe niliitoa hadharani, mbele ya wanaume waliokuja kucheka na wanawake waliokuja na watoto wao mgongoni. Basi na kuirudisha, nairudisha mbele za watu. Aisome anayetaka.

Wakumbuka siku softiboli ilipoingia nyumbani kwetu? Mwalimu mgeni kutoka Unguja alituachia marungu mawili, glovu chache na mipira, nawe ukabeba rungu moja mpaka uani. Baba akaliangalia, akauliza twenda kumpiga nani. Ukamwambia, "Twapiga mpira, baba, kisha twakimbia." Akauliza, "Mwamkimbia nani?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ulimweleza taratibu, kama unayemfunza mtoto: unapiga mpira, unazunguka vituo vitatu, ukirudi pale ulipoanzia umefika nyumbani, na timu yenu imepata alama. Akasema huo si mchezo, hiyo ni kazi ya kutumwa dukani.

Vituo vyetu vilikuwa magunia ya mchanga, na mistari tulichora kwa chokaa. Wewe ulikuwa na miguu mirefu kuliko wote. Ulikimbia na suruali yako ya michezo chini ya gauni, na mtandio wa manjano uliobanwa kwa pini tatu, kwa sababu pini mbili zilikuwa hazikutoshi.

Mimi kwa kuwa ni mwalimu, nikakabidhiwa sheria. Zilikuwa karatasi za fotokopi, kwa Kiingereza, nikawa nazitafsiri Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Nikafika pale panaposema kwamba mkimbiaji asimzuie mchezaji anayeufuata mpira uliopigwa. Akimgonga au akimkwaza, mkimbiaji anatoka. Nilipenda sana sheria ile. Nilimsomea mama naye akaipenda, akasema mchezo huu una adabu. Ukurasa uliofuata niliupitisha macho tu. Niliona maneno yaleyale yamegeuzwa, nikadhani ni jambo lilelile. Karafuu zilikuwa zimeshaiva na mikono ilikuwa ikitakiwa kila nyumba. Nikazifunga karatasi, nikawafunza kwa mkato: ukikuta mtu njiani, mpishe.

Hakuna aliyeuliza swali. Angeuliza nini, nasi ndivyo tulivyolelewa? Mtu mzima humgongi bega, na ukipita mbele yake unainama. Sheria ilituingia kama tumezaliwa nayo.

Siku ya mechi na timu ya Tumbe, pale Mtambile, walikuwepo wageni waliokuja kuchagua wasichana wa kwenda Unguja, na kutoka huko kwenda bara kwenye mashindano. Walisema wazi kwamba watachagua kwenye timu itakayoshinda. Wewe ulikuwa hujavuka maji hata siku moja. Begi langu ulishaliazima tangu juzi yake, na umeshatia nguo ndani. Nilikuona, nikajifanya sikukuona.

Tulikuwa sawa kwa alama, zamu yetu ya mwisho ya kupiga, nawe uko kituo cha tatu. Mwenzako akaupiga mpira ukaenda mbali upande wa kushoto. Ukatoka. Nami mwamuzi nilikuwa nimesimama nyumbani, na mbele yangu, katikati kabisa ya njia yako, amesimama Bi Time, mlinzi wa Tumbe.

Bi Time huyo ndiye aliyekusomesha Kurani chuoni kabla hajaolewa Tumbe. Alif yako ya kwanza uliisoma kwake. Alikuwa amefungua mikono, anangoja mpira, na mpira ulikuwa bado uko hewani. Mkononi hana kitu. Ukamfikia, ukapunguza mwendo, ukainama kidogo, nikakusikia kwa masikio yangu unasema, "Samahani, Bi Time." Ukamzunguka kwa nyuma. Katika kuzunguka huko mpira ukafika, akaudaka, akageuka, akakugusa nao mgongoni hujafika nyumbani.

Nikapandisha mkono. "Auti."

Sasa nisikilize, mdogo wangu, maana hili sijalisema kwa mtu. Niliona. Kitu kilinigutua palepale, kwamba huyu mtoto amezuiwa. Lakini kabla ya mechi nilisikia watu wa Tumbe wakinong'onezana kwamba mwamuzi ni dada mtu, leo tutaona mambo. Nilikuwa nangoja nafasi ya kuwaonyesha kwamba mimi si wa kupendelea. Nafasi ikaja, na ilikuwa wewe. Mkono ule ulipanda upesi kuliko ulivyowahi kupanda kwa mtu mwingine yeyote. Tumbe wakapiga tena, wakashinda.

Jioni tulikuwa tunaosha vyombo uani. Hukulia. Uliniuliza tu, "Dada, nlikosa wapi?" Nikakujibu, "Ulichelewa. Ungekaza mwendo ungefika." Ukasema, "Haya," ukaendelea kusuuza sahani.

Karafuu zilipokwisha nikazifungua tena karatasi. Ukurasa ule nilioupita ulisema hivi, bila ya kuzungusha: mlinzi asiye na mpira mkononi, na ambaye hata haufuati mpira uliopigwa, haruhusiwi kusimama kwenye njia ya mkimbiaji. Akimzuia, mkimbiaji apewe kituo ambacho angekifikia. Nilisoma nimesimama, kisha nikasoma nimekaa. Wasichana wa Tumbe walikuwa wamekwenda bara na kurudi, na mmoja wao alirudi na viatu vipya.

Nilitaka kukwambia siku ileile. Nikasema kesho. Kesho yake nikawaza, nikisema hili timu mbili zitajua, wazazi watajua, na mwamuzi mwengine hatuna. Nikajipa sababu nzuri nzuri, mie na elimu yangu. Nikaukunja ule ukurasa, nikauchomeka nyuma kabisa ya zile karatasi.

Nawe ukaanza kukimbia. Kila alasiri, wenzako wakienda zao, ulibaki kiwanjani peke yako, kutoka gunia la tatu hadi nyumbani, ukirudi, ukienda. Dirisha la ofisi yetu linatazama palepale. Nilikuwa nasahihisha madaftari na kukuona ukipita. Nilijua unatibu kosa ambalo hukulifanya, tena kosa nililokubambikia mimi. Nikainamisha kichwa kwenye madaftari. Mara nyingine uligeuza uso kuelekea dirishani, nami nikanyanyua kalamu nikijifanya nahesabu.

Kisha ikaja homa. Siku nne, Zuwena. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa kando yako kitandani, nakupoza kichwa kwa kitambaa cha maji, na maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nikasema atapata nafuu kwanza.

Huu ni mwaka wa sita tangu tukuzike. Bado nachezesha. Watu wanasema siku hizi mie mkali wa sheria, hata upepo siuachi uzuie mkimbiaji. Hawajui. Kila kituo cha tatu kinapokuwa na mchezaji, wako wawili pale. Mmoja ni mtoto wa watu anayengoja kukimbia, mwengine ana mtandio wa manjano na haniondolei macho. Siku kiwanja kikiwa kitupu ndiyo mbaya zaidi, maana unabaki wewe peke yako. Hata nikinyanyua mikono kuhirimia sala, pana wakati mkono wa kulia unakuwa mzito nikamsahau Mungu kidogo, nikakukumbuka wewe. Naomba msamaha kwa hilo pia.

Juzi nilishindwa. Nilimkuta mama barazani anachambua karafuu, nikakaa mkekani, nikamwambia yote, kuanzia ukurasa nilioupita mpaka kitambaa cha maji. Nilitaka anikemee. Mama aliendelea kutenganisha vikonyo na karafuu, hakunyanyua uso.

"Mwenzio alijua," akasema.

Nikamuuliza alijua nini.

"Karatasi zako kazisoma zote, wewe uko skuli. Kiingereza akikijua kuliko wewe, ila hutaki kukubali. Kanambia, 'Mama, dada kakosea. Lakini nyamaza, usimwambie ntu. Atanambia mwenyewe.'"

Nikamuuliza: kama alijua hakukosa, kule kukimbia kila siku kulikuwa kwa nini?

Mama akaweka chini vikonyo alivyoshika. "Akikupitia mbele ya dirisha, mwanangu. Kila akirudi nikimuuliza, 'Kakwambia?' Akinambia, 'Bado, mama. Labda kesho.'"

Zuwena, siku ile ulikuwa salama. Ulifika nyumbani na alama ilikuwa yenu. Natamka haya mbele ya kila aliyekuwepo na asiyekuwepo, wanivue uamuzi wakitaka. Mola akuweke pazuri, mdogo wangu, na akupe mtu wa kukuita kwa jina unapopita.

Ni mimi dada yako,
niliyekuwa dirishani.