Baiskeli ya Marehemu Kalisti

Jumatatu, 2 Juni

Nimefuta minyororo kwa mafuta ya taa kabla ya kufungua duka la dawa. Banda limejaa baiskeli, zote kuukuu kuliko mimi. Deo hajaja. Ni fundi wangu tangu naanza kukusanya, funguo za banda anazo, na Jumatatu hakosi. Simu inaita tu. Ana nini huyu?

Jumanne, 3 Juni

Muuza ndizi sokoni anasema alimwona Deo kijijini Buganguzi, kwa Ma Anastazia. Huko ndiko iliko ile baiskeli ya simba! Nembo ya shaba shingoni, breki za vyuma, tandiko la ngozi na springi zake. Kagera nzima sijaona nyingine. Naitaka hadi naiota. Tangu mumewe, Ta Kalisti, afariki, nimemwomba Ma Anastazia aniuzie, na kila mara ananijibu habari za mvua.

Deo ndiye aliyenipeleka huko mara ya kwanza. Sasa anarudi peke yake, kimya kimya, kufanya nini? Yule mkusanyaji wa Mwanza, mwenye gari jeupe, alimpigia simu juzijuzi. Nilisikia kwa masikio yangu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefunga duka, nimekwenda Buganguzi. Baiskeli haipo! Pale ilipoegemea, nyuma ya jiko, kuna alama ya tairi tu. Watu wengi uani, wanawake wanachambua buni na kunitazama. Ma Anastazia kaniletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama apewavyo kila mgeni kwetu. "Waitu, karibu," akasema kwa heshima ya Kihaya. Kisha mvua, tena mvua. Nikauliza baiskeli iko wapi. Eti imelala. Imelala!

Kibarazani nikaona pampu ya Deo, ile niliyoifunga utepe mwekundu mwenyewe. Msaliti. Nimerudi Bukoba nimevimba kwa hasira.

Ijumaa, 6 Juni

Deo kaja dukani, vidole vimejaa rangi nyeusi. Nikamuuliza kamuuzia nani. Kajifuta vidole. Halafu: "Ma Editha, subiri Jumapili."

Nisubiri gari jeupe lifike Mwanza? Nimemwambia aweke funguo za banda mezani. Nimemwita mwizi, wateja wakisikia. Kaziweka taratibu, kaondoka. Moyo wangu umetulia. Na atanijua.

Jumapili, 8 Juni

Niliwahi Buganguzi nimkamate na mteja wake. Hakuna gari jeupe. Kumbe leo wanamaliza matanga.

Kijana mkubwa wa marehemu, Projesti, mchuuzi wa dagaa visiwani, alisimikwa mrithi mbele ya ukoo. Akapewa kiti cha babake, akapewa mkuki. Kisha Deo akatokea nyuma ya nyumba akisukuma ile ya simba, inang'aa. Katika ukoo wao mrithi huzunguka kibanja, shamba la migomba la nyumbani, kwa baiskeli ya marehemu.

Na kwa mila yetu, kabla ya mrithi kusimikwa, kitu cha marehemu hakiulizwi bei. Mimi, Mhaya mzima, nilikwenda kuuliza kaburi likiwa bichi. Shaba ilinipofusha. Ma Anastazia alinistahi kwa mvua zake, asinikatalie usoni, kisha akamwomba Deo aitengeneze bila kuniambia, maana nikijua nitafika na pesa mkononi. Hakukosea.

Projesti kakulia visiwani, baiskeli hajui. Aliyumba hadi kwenye mgomba, watu wakaangua kicheko. Akaniomba mimi niliyekuwa karibu, "Mama, nishikie hapo nyuma." Nikashika tandiko. Tumezunguka kibanja chote, mimi nakimbia na viatu vya kanisani. Ilikuwa nzito, na nzuri. Deo alitazama pembeni muda wote. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jumatatu, 9 Juni

Minyororo sikuifuta.

Nimempelekea Deo funguo nyumbani. Mkewe kasema hayupo. Pampu yenye utepe mwekundu ilikuwa mlangoni. Nikakaa kwenye benchi kando ya mkewe, nikaziweka funguo kati yetu. Hakuzigusa. Akaniambia mvua mwaka huu zimekatika mapema. Nikasema ni kweli.

Nilikaa muda mrefu. Kahawa hakuleta.