Wimbo Wangu Umekosa wa Kuitikia

Levina, upo? Nimetoka sasa hivi kwenye sherehe ya kumuaga mjukuu wangu Imakulata, hapa hapa Ipuli. Hata kitenge sijavua.

Mwenzangu, leo nimeaibika.

Wameniita niimbe ule wimbo wetu wa kumwinua bibi harusi mkekani. Nikatikisa manyanga, nikaimba mstari wangu, nikanyamaza wapokee. Kimya! Nikarudia. Kimya, Levina! Wanawake ukumbi mzima, sare za zambarau, wananitazama tu na simu zao juu.

Mshereheshaji akasema, "Jamani, bibi yetu amesahau maneno! Makofi kwa bibi!"

Nimesahau? Mimi? Nilikuwa nawasubiri nyinyi wawili, waitikiaji wangu. Wewe uko Usoke na miguu yako hiyo mibovu, Swaumu yuko kaburini tangu masika. Nani angeitikia?

Na Imakulata nilimfundisha mwenyewe kwamba bibi harusi hainuki mpaka wimbo uitikiwe. Shangazi yake akamwambia, "Inuka basi, mwanangu, watu wana njaa." Mtoto akanitazama mimi. Hakuinuka.

Ikabidi nijiitikie. Nikapanda na sauti ya Swaumu, nikashuka na yako, najiimbia najijibu kama kichaa. Watoto wakacheka. Ndipo Imakulata akainuka.

Mdogo wake anaagwa Desemba, Levina. Nirekodie sehemu yako. Usianzie mwanzo, anzia pale ninaponyamaza.

Simu nitaiweka ndani ya sufuria, isikike ukumbi mzima.