Chai ya Rangi, Miaka Saba

Jumanne, 27 Januari

Nimefagia kanisa. Popo wamechafua tena pale mbele. Darasa la ubatizo saa tisa. Watu tisa: sita wamefika kwa wakati, watatu kwa wakati wao wenyewe.

Somo la leo, kuhesabiwa haki. Hili nalifundisha vizuri, hata Mchungaji husema. Nimewaeleza kwamba Mungu hamhesabii mtu haki kwa kazi zake. Kristo alikwisha kuibeba dhambi. Anayemwamini huhesabiwa kama mtu asiyekosa. Bure. Nimelirudia neno hilo mpaka koo limekauka.

Halafu chai. Wameniwekea ya maziwa, nimeisukuma. Nanywa ya rangi, kavu, bila tone la maziwa. Wote wanajua, wanadhani ni tumbo. Kadzo naye, yule mama kijana wa Kigiriama aliyehamia hapa Kulesa kutoka Tarasaa, anayeuza mahamri, mdomo wake hauna breki. Ameniuliza mbele ya wote:

"Mwalimu, kama ni bure, mbona wewe una sura ya mtu anayelipa?"

Wamecheka. Nami nikacheka. Nimerudi nyumbani nimefura.

Jumatano, 28 Januari

Bado nina hasira na Kadzo. Juzi tu hakujua Biblia inashikwa vipi, leo ananipima sura. Nimeunguza wali. Baba Maro ameula kimya, na mume wangu akila kimya ujue analalamika.

Basi niandike. Hakuna mwingine nyumba hii awezaye kuusoma mwandiko wangu.

Mwaka wa mafuriko, miaka saba nyuma. Mvua ilipiga siku nne. Mpunga wangu ukajaa maji, hayana pa kutokea, tuta la ukingo wa mto limeyazuia. Mto wenyewe ulikuwa bado chini. Nikachukua jembe, mchana kweupe, nikakata tuta kidogo, upana wa ndoo, maji yashuke mtoni. Jioni nitaziba. Yakashuka vizuri. Nikaenda kusonga ugali.

Kumbe mvua ya huko bara ilikuwa njiani inakuja. Mto ulipanda kabla ya jua kuzama. Ukaingia kwa mwanya wangu, ukaupanua, ukameza mpunga wa upande wetu wote. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini msimu ulikwisha siku hiyo.

Asubuhi wazee walikuta kwato pale tuta lilipokatika. Ni karibu na malka, njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji mtoni. Kwato ziko pale kila siku. Wakasema ni ng'ombe wa Barisa, yule Muorma, mume wa Habiba. Habiba ambaye aliniletea maziwa mlangoni tangu mwanangu Maro yuko mgongoni. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, miguu imejaa tope. Nikanyamaza.

Malka ikazibwa kwa miiba. Ng'ombe wao wakawa wanazunguka nusu siku kufikia maji. Kiangazi cha kwanza ndama wakafa. Habiba hakuja tena na maziwa.

Nikajiapiza: sitaonja maziwa maisha yangu, na kanisa nitalifagia mpaka nife. Hiyo ndiyo adhabu niliyojikatia. Leo ndiyo mara ya kwanza kuiandika.

Ijumaa, 30 Januari

Baba Maro amekuja na habari. Alhamisi ijayo ni baraza la chifu. Malka itagawanywa iwe mashamba, kabisa, na sisi tutapata kipande kando ya maji. Amefurahi. Ameimba akioga.

Miiba ni miiba, siku moja itaondolewa. Lakini mtu akishapanda migomba hapo, haondoki ng'o. Ng'ombe wa Barisa hawataonja tena maji ya upande huu.

Nimekwenda Garsen kununua majani ya chai. Nimemwona Habiba sokoni, amekaa na wenzake, madebe ya maziwa mbele yao. Amekonda. Nimevuka barabara. Mwalimu wa ubatizo amevuka barabara kumkimbia mwanamke aliyekaa chini. Najichukia leo.

Jumapili, 1 Februari

Kila Jumapili, tukishatubu, Mchungaji hutangaza kwamba tumesamehewa. Kila Jumapili mimi husema moyoni: wote, ila mimi, mimi bado sijamaliza adhabu yangu. Miaka saba nasema hivyo. Na nilikuwa nauona ni unyenyekevu.

Leo limenijia swali la Kadzo katikati ya tangazo. Sura ya mtu anayelipa. Namlipa nani? Kristo alimaliza kazi, mimi na kikombe changu cha chai kavu tunaongeza nini? Nani alinipa cheo cha kuwa mkali kuliko Mungu? Hiki ni kiburi, tena cha kujifunika leso kuukuu ili kionewe huruma.

Na kuna baya kuliko hilo. Chai yangu kavu haikumpa ng'ombe wa Habiba hata tone moja la maji. Nilijitesa ili nisilazimike kusema.

Nimelia kanisani. Jirani kwenye benchi amenipa kitambaa, anadhani nimefiwa. Sikuweza kumweleza kwamba ni furaha. Nimesamehewa. Naandika tena nione inavyokaa kwenye karatasi: nimesamehewa. Kabla sijafanya lolote. Siku zile zote nilikuwa nimesamehewa nikiwa na ufagio mkononi.

Nilipotoka nje jua lilikuwa linachoma, nikatamani kukimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Nina miaka hamsini na miwili.

Jumatatu, 2 Februari

Nimemwambia Mchungaji yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba pamoja nami. Halafu akaanza kujikuna shingo. Anasema mbele za Mungu yamekwisha, kwa nini niwashe moto wiki ya ubatizo? Wakulima watachukia, wafugaji watachukia. Nisubiri kidogo, labda baada ya Pasaka.

Ni mtu mwema. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa, hapa watu wamewahi kuumizana kwa maji na nyasi. Nimemjibu kwamba nilisubiri miaka saba kwa sababu nilidhani sijasamehewa. Sasa sina sababu ya kusubiri.

Jumanne, 3 Februari

Nimemwambia Baba Maro. Alikuwa anakula. Ameweka kijiko chini, akanawa mikono, kumbe samaki hajamgusa. Hakupiga kelele. Amesema neno moja tu, kwamba nimemwacha amchukie Barisa bure, na Barisa alikuwa rafiki yake. Kisha amekunja mkeka, amekwenda kwa ndugu yake.

Inauma. Sina la kujitetea. Zamani hili peke yake lingenifunga mdomo. Leo nimelia, nikanawa uso, nikaenda kufundisha darasa.

Jumatano, 4 Februari

Nimekwenda kwa Habiba. Mwendo wa saa mbili, vumbi mpaka kwenye meno. Sikutaka alisikie barazani kutoka kwa watu.

Alikuwa anafukiza vibuyu vya maziwa. Hakunikaribisha, wala hakunifukuza. Nilisema nikiwa nimesimama. Nilikata tuta mimi. Niliona kwato, nikajua ng'ombe wenu hawana kosa, nikanyamaza. Sikuongeza sababu, ingawa ninazo nyingi, nimezikusanya kwa miaka.

Aliendelea na kibuyu chake. Nilidhani ndiyo jibu, nikaanza kugeuka.

"Sisi tulijua si ng'ombe," amesema. "Tulisema. Nani alisikia? Kesho sema wewe, Mama Maro. Wewe watasikia."

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme. Nimerudi kwa miguu na sijui kwa nini njiani nilikuwa naimba.

Alhamisi, 5 Februari

Leo. Leo nimesimama.

Baraza lilijaa. Wakulima upande huu, wafugaji upande ule, chifu katikati na karatasi za kugawa malka. Baba Maro nyuma kabisa, kofia machoni. Mchungaji alikuwepo, ameshika Biblia kwa mikono miwili. Chifu aliuliza kama kuna mwenye neno. Nikainuka, nikapita mbele.

Nimesema tuta halikubomolewa na ng'ombe wa Barisa. Nililikata mimi, kwa jembe langu, mchana, nikauacha mwanya wazi. Nilisimama nanyi asubuhi ile nikawaacha mseme uongo.

Kelele! Mmoja wa wazee wetu ameniita mwanamke asiye na haya. Mwingine kauliza nataka nini sasa, nilie wanisamehe? Na hapo ndipo maneno yalinijia. Sikuyaandaa.

"Sikuja kutafuta msamaha. Nimekwisha kusamehewa, ndiyo maana nina miguu ya kusimama hapa. Nimekuja kumrudishia Barisa jina lake na njia yake."

Nikabaki nimesimama.

Nilijua ni kweli nilipokuwa nikiisema. Miaka sita nafundisha somo lile kwa chaki, leo nimelielewa kwa miguu. Walikuwa na kila sababu ya kunihukumu, wakanihukumu, na hukumu yao haikufika pale ndani palipokuwa pananiuma siku zote. Pale pana mwenyewe sasa, Kristo.

Barisa alisimama. Amezeeka. Amesema hataki fidia, anataka ng'ombe wanywe. Akakaa.

Halafu, kule nyuma, kofia imevuliwa. Baba Maro amesema yeye kipande chetu hakitaki. Wa pili akasema, wa tatu akasema. Wengine walinuna mpaka mwisho na bado wamenuna. Lakini chifu amekunja karatasi zake. Malka haigawanywi. Miiba iondolewe.

Nimeshinda kesi ambayo mshtakiwa alikuwa mimi. Niache nicheke, niko peke yangu.

Ijumaa, 6 Februari

Kamati ya kanisa imekaa. Nimewekwa chini ya nidhamu miezi mitatu. Nisifundishe. Nikae benchi la nyuma. Walikuwa wanaona haya kuniambia, nikawasaidia kumaliza sentensi.

Sawa. Benchi la nyuma lina upepo.

Jumamosi, 7 Februari

Baba Maro aliamka mapema, kwa ndugu yake huko, akaenda malka na panga. Nimesikia kwa watu. Nilipofika alikuwa amefungua nusu, na Barisa upande wa pili, na hawasemezani, wanakata miiba wakikutana katikati. Ilipofika saa nne walikuwa wanasaidiana kuvuta matawi. Saa tano nikasikia Baba Maro anacheka kicheko chake kile kibaya. Sikukisikia wiki nzima.

Mkeka wake umerudi nyumbani.

Mchana nimefagia kanisa. Hakuna aliyenituma, na silipi kitu. Kulikuwa na vumbi, na kesho tuna wageni.

Jumapili, 8 Februari

Ubatizo mtoni, pale pale malka. Ndipo pekee penye ufuko mpana na maji ya magotini, na vijana waliweza kuangalia mamba pande zote.

Sikuingia majini, niko chini ya nidhamu. Nilisimama ukingoni nimeshika leso kavu za watu tisa. Mchungaji alihubiri kwa ufupi, jambo geni kwake. Alisema yeye wiki hii alimshauri mtu anyamaze, na kwamba ametubu. Hakunitaja. Aliniangalia tu, nikampungia leso.

Tulipokuwa katikati ya ibada ng'ombe wakaja. Hakuna aliyewaambia ni siku ya ubatizo. Walishuka njia ile kana kwamba jana walikuwa hapa, wanatimua vumbi, wakajipanga chini yetu mtoni wakanywa. Wanakunywa, wanakunywa, hawanyanyui vichwa. Barisa alisimama kando akawazuia wasije upande wetu mpaka tumalize. Kwaya ilishindwa kuendelea kwa kicheko. Halafu ikaimba kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nizaliwe, na mimi nikiimba kuliko wote, mwanamke asiye na haya kweli.

Kadzo alikuwa wa mwisho. Alitoka majini anatweta, maji yanamchuruzika, nikamfunika leso. Alinishika kidevu kama mtoto, akanikagua uso. Akatingisha kichwa, ameridhika. Hakusema kitu, na kwa Kadzo hiyo ni miujiza.

Jumatatu, 9 Februari

Asubuhi tulivu. Baba Maro shambani. Nilikuwa nachambua mchele.

Habiba alibisha hodi. Kibuyu kidogo cha maziwa begani. Hakuingia, alisimama mlangoni pale alipokuwa akisimama zamani. Nimekimbilia ndani kutafuta cha kumpa, mchele, mayai, chochote. Nimerudi na mchele kwenye ungo. Ameuangalia, hakuupokea.

"Haya ya leo si ya kuuza," amesema. "Kunywa tu."

Nimebaki na ungo wangu mikononi. Kisha nikauweka chini.

Nimeinjika chai. Nimemimina maziwa, ikabadilika rangi. Yananukia moshi wa kibuyu chake, vilevile. Tumekaa kizingitini, yeye na kikombe chake, mimi na changu. Ameniuliza Maro yuko wapi siku hizi. Nimemwambia yuko Hola, amepata kazi. Amesema vizuri.

Nimekunywa vikombe viwili.