Mtende Dume na Shela Yako

Bidiya, Sharqiya Kaskazini,
Oman.
4 Juni 2022

Mpendwa Shangazi Rayya,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta u mzima wa afya, wewe na Ammi Talib, na kwamba baridi ya Rotterdam imeyaachia magoti yako yapumzike. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Upepo wa mchangani umeanza kuvuma mapema mwaka huu, na Mama hufagia ua asubuhi ili aufagie tena alasiri.

Yaqub anakusalimu. Ngamia wake Samha alishiriki mbio za mwezi uliopita na akashika mkia. Kaka yangu anashikilia kwamba mnyama yule hakushindwa, bali alikuwa na adabu ya kuwapisha wakubwa zake.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha kitako kuandika, kwa kuwa katika simu lingekatika kabla halijafika mwisho. Nina deni la shukrani kwako, Shangazi, na huenda wewe mwenyewe hujui ni la nini.

Baba aliponikabidhi shamba baada ya mahafali yangu, aliniwekea sharti moja. Yule bwana wa mahema ya watalii bado anaitaka sehemu inayopakana na matuta ya mchanga, yaani palepale ilipo mitende yako ya naghali, itanguliayo mingine yote kuchanua. Baba akasema kwamba msimu huu naghali ikizaa, shamba litabaki shamba. Isipozaa, atamkodisha bwana yule. Hakuyasema kwa ubaya. Amechoka, Shangazi, na mchanga hauchoki.

Nilirudi na mipango mingi, kuanzia umwagiliaji wa matone hadi mitego ya fukusi mwekundu, na naamini ingali mipango mizuri. Kumbe Oktoba, nilipokuwa bado katika mitihani, Baba alikuwa ameamua kukata mmoja wa mitende dume miwili aliyoiacha Bibi kando ya mfereji wa falaji, kwa kuwa makuti yake yalikuwa yakiziba maji. Mitende dume isiyochanua hufanana kama mapacha, na Baba, aliyeutumia ujana wake kambini jeshini, hakukumbuka upi ni wa mapema na upi ni wa mwisho wa msimu. Akaukata ule wa mapema.

Mwishoni mwa Januari makarara ya naghali yakapasuka. Unalijua ua la naghali: hupokea chavua kwa siku chache tu, kisha hufunga mlango. Nikamtuma Yaqub apande mtende dume uliobaki. Akashuka na habari kwamba makarara yake bado yamefumba kama ngumi. Nikaulizia chavua kavu ya dukani, nikaambiwa imekwisha na nyingine iko njiani. Yaqub hakuniacha nipumue. “Sasa daktari wa mitende,” akaniuliza, “hicho cheti chako hakina chavua hata kidogo?”

Upande wetu wote wa falaji, mtende dume uliokuwa umekwisha kuchanua ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa kwa Bi Zuwaina.

Huhitaji kukumbushwa kwamba tangu marehemu Babu na marehemu mumewe wagombanie zamu ya maji, nyumba zetu mbili husalimiana msibani na siku ya Idi, basi. Baba alinikatalia nisiende. “Bora nile tende za dukani kuliko kupiga hodi pale,” alisema. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba hodi nitapiga mimi, kwa hiyo yeye atakuwa hajapiga. Akanyamaza. Nawe unamjua kaka yako: akinyamaza ameruhusu.

Bi Zuwaina alinipokea, akaniwekea halua, akanimiminia kahawa. Nikaiweka finjani chini bila kuigusa, kama ulivyonifundisha kwamba mwenye haja hanywi mpaka mwenyeji aikubali haja yake.

“Kunywa, binti Mubarak, isipoe.”

“Sitakunywa, Bi Zuwaina, mpaka unisikilize.”

“Nisikilize nini? Baba yako kamfyeka bwana, wake kawaacha wanatazamana. Nani hapa asiyejua?” Akacheka hadi barakoa yake ya kimila ikamtikisika usoni. “Na wewe umesoma miaka yote hiyo, ukaja kuisusia kahawa yangu kama bedui wa zamani. Nani kakufundisha?”

“Shangazi yangu Rayya.”

Hapo kicheko kikakoma. Akanisogezea finjani, akasema kwa sauti ya chini, “Kunywa, mwanangu. Umeshapata.”

Nikanywa. Akanishika mkono hadi pembe ya shamba lake, ulipo mtende dume uliochanua sana, vumbi lake jeupe likianguka kwenye majani ya ng'ombe. “Unauona? Huu si wangu,” akasema. “Ni mtoto wa ule wenu uliokatwa. Wazee walipokuwa wakirushiana maneno pale mferejini, shangazi yako alinipitishia chipukizi lake juu ya uzio wa makuti. Kalifunga katika shela yake, likiwa na udongo wake. Akaniambia, ‘Ugomvi wao ni wa maji. Wewe na mimi hatujagombana.’ Kesho yake akaolewa, akaenda zake.”

Hukumwambia mtu, Shangazi. Miaka yote hiyo hukujisifu nalo hata mara moja.

Yaqub alipanda naghali zako zote kabla ya adhuhuri ya siku ya pili, akifunga vishada vya maua dume kati ya maua jike, huku Bi Zuwaina akimkosoa kutoka upande wa pili wa uzio: “Wee, funga taratibu! Unafunga ua au unamfunga mbuzi?” Baba alisimama kando ya mfereji. Baadaye nikamwona ameusogelea uzio, na nikasikia wakiulizana hali.

Naghali imezaa, Shangazi. Makole ni mazito hata tumeyategemeza kwa miti. Kole la kwanza Baba alilikata mwenyewe, akalibeba begani hadi kwa Bi Zuwaina, akapiga hodi. Bwana wa mahema alikuja juzi. Baba alimpa tende na kahawa, akamtakia safari njema.

Katika shina la mtende ule wa jirani limetoka chipukizi. Tumekwisha kulipanda kwetu, palepale kwenye kisiki cha ule uliokatwa, na maji yanalifikia.

Msafiri anayekuletea barua hii amebeba pia kasha dogo la naghali kutoka mitende yako. Tafadhali uzile kabla hazijalainika mno, na umwonjeshe Ammi Talib ingawa atasema za kwao Nizwa ni bora.

Baba, Mama na Yaqub wanakusalimu kwa mapenzi. Mwenyezi Mungu akulipe kwa ulichokitoa kwa siri, na akulinde huko uliko hadi tukuone.

Bi Zuwaina ndiye wa mwisho kunipa salamu, nami nazifikisha kama alivyozitamka: “Mwambie shela yake ninayo. Nimeifua, nimeikunja, na simpi mtu. Aje aichukue mwenyewe.”

Binti wa kaka yako, akupendaye na kukushukuru,

Muzna bint Mubarak