Mchwa Amejifungua

Jumanne, tarehe 9 Juni
Asubuhi manyunyu, nepi hazijakauka.

Mpendwa kaka Gunia,

Salamu nyingi. Kile kikohozi cha vumbi la mgodini kimekuacha? Mimi sijambo. Mama ni mzima kuliko sisi sote.

Mkeo alijifungua Ijumaa, msichana. Usiwanunulie wenzako soda bado. Miezi ilitimia, lakini mtoto hakufika hata kilo mbili. Ngozi yake imekunjamana kama ya kizee, na nguvu za kunyonya hana. Tunamkamulia maziwa, anayameza kwa kijiko.

Kabati la jikoni mama alilitia kufuli mara tu mimba ilipoonekana, ufunguo akauvaa shingoni. Mayai, maziwa, nyama, maharage, vyote ndani. "Mtoto mkubwa, mlango mdogo," alimwambia mkeo. "Unataka upasuliwe kama papai?" Akampa uji mwepesi na chai ya rangi. Mayai niliyomchemshia kazini kwangu aliyala chooni, na kila alipotoka, mama alimnusa mdomo.

Ndipo mkeo akaanza kutafuna chaki yake ya kuchorea nguo. Fundi cherehani mzima, anakata suruali za watu kwa kukisia kwa sababu chaki ameila! Mama akambandika jina la Mchwa, na wageni wakafundishwa kumwita hivyo. Alipokulilia kwenye simu ulicheka, ukamwambia amsikilize mama, kazaa watano.

Hospitalini mkunga alimfunua mkeo kope, akakuta weupe mtupu. Akauliza alikuwa akila nini. Mama akadakia, "Usimlaumu mtu. Si katoka kama mbegu ya chungwa? Hata kupiga kelele mzazi hakupiga!"

"Mbegu ina akiba yake ndani, bibi," mkunga akamjibu. "Huyu mlimwekea nini?"

Alisema kutamani chaki kulikuwa ni damu iliyopungua ikilia njaa, na kwamba juma hili ndilo litakaloonyesha kama mtoto atabaki nasi.

Ya kuzaliwa kwako unayajua, mama huyasimulia kila akija mgeni: baba alimlisha maini na maziwa, ukatoka mnene hadi ukaitwa Gunia. Leo nilimuuliza mbele ya jirani, mbona mlango wake yeye haukuwa mdogo?

"Mimi nilikuwa na mume nyumbani," akasema.

Nikachukua nyundo, nikavunja kufuli. Mama anangoja uje uniadhibu. Njoo basi, lakini uje juma hili, maana la pili sina hakika nalo. Nguo za mtoto usilete; zote zitampwaya.

Wadogo zetu wanakusalimu. Mama naye anakusalimu, anasema mtoto kafanana nawe. Mungu akufikishe salama, na akukutanishe na mwanao akiwa bado anapumua.

Akupendaye hata leo,
Dada yako

Nilikuwa sijafunga bahasha. Mkeo amekula mayai na maharage, machozi yakimdondokea sahanini. Amelala saa nane na robo mchana, mtoto kifuani, kipande cha chaki bado kimo ndani ya ngumi.